Kompyuta Iliyovaa Koti

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Vifungo ni kwamba nyumbani kwake hakuna kitu kinachokaa uchi.

Nilikuwa nimetoka chuoni, natafuta chumba karibu na ofisi iliyokuwa imenipokea kwa majaribio, nikaelekezwa kwake. Alinikaribisha sebuleni, nami nikajikuta nimezungukwa na vyombo vilivyovaa. Redio ilikuwa na shati lenye kola. Birika lilikuwa na sweta. Rimoti ya televisheni ilikaa ndani ya soksi iliyoshonwa kwa vipimo vyake, yenye tundu moja tu, la kitufe cha kuwashia. Baadaye alinieleza kwamba mumewe huacha televisheni kwenye stesheni ileile tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo vitufe vingine havina kazi. Na pembeni, jirani na cherehani, palikuwa na kompyuta ya mezani. Kioo chake kilikuwa na kilemba. Lile kasha linalosimama kando, ambalo ndilo lenye akili zote za mashine, lilikuwa limevaa koti la rangi ya kahawia, vifungo vya shaba kutoka chini hadi juu, na nyuma matundu yaliyodariziwa kingo ili nyaya zipite.

"Koti zuri, Mama," nilisema, maana sikujua la kusema.

"Lina bitana," alijibu, kama mtu anayemsifu mkwe.

Nilichukua chumba cha uani siku ileile.

Jina la Vifungo alilipata kiwandani. Akiwa msichana aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, na miaka yote aliyokaa pale kazi yake ilikuwa moja tu: matundu ya vifungo. Mashati yalimpitia kama maji ya mfereji, lakini hakuna hata moja aliloliona likianza wala likiisha. Huyu alishona kola, yule mikono, yeye matundu. "Nilikuwa kama mtu anayesimuliwa hadithi nzuri," aliwahi kuniambia, "lakini kila siku anarudiwa sentensi ileile ya katikati."

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Breki, alikuwa dereva wa lori lililoleta majora ya vitambaa. Siku moja aliingia kiwandani kifungo kimoja cha shati kimekatika, akaelekezwa kwa msichana wa matundu. Wiki iliyofuata kikakatika kingine. Safari ya tatu akaja na shati lisilo na kifungo hata kimoja, tumbo nje, na msichana akamwambia, "Kaka, wewe huna shida ya vifungo. Una shida nyingine." Watoto wote wa nyumba ile wametokana na shida hiyo.

Kiwanda kilipofungwa, alinunua mojawapo ya cherehani zilizouzwa, akajifundisha nguo nzima kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudishia. Leo ni vigumu kumpata bibi harusi wa mtaani kwetu ambaye hakupita kwenye tepu yake. Mabinti zake wakubwa aliwashonea mwenyewe. Alikuwa amebaki mmoja, kitindamimba, naye alikuwa ng'ambo, akifanya kazi katika kiwanda cha karatasi. Ile kompyuta ilikuwa yake alipokuwa mwanafunzi. Alipoondoka aliiacha, na mama yake akaivisha.

Miezi michache baada ya mimi kuhamia, kitindamimba alipiga simu kusema amepata mchumba na tarehe imepangwa. Furaha ya nyumba ile ilifika mpaka chumbani kwangu kabla habari yenyewe haijafika. Lakini jioni nilimkuta Mama Vifungo ameketi mbele ya cherehani, mguu juu ya pedali, hashoni.

"Nitampimaje?" aliniuliza.

"Si atapimwa na mtu hukohuko, akutumie namba?"

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, namba haina mabega. Huyu mtoto alibeba mkoba wa shule upande mmoja tangu darasa la kwanza, nikasema mpaka sauti ikakauka. Bega lake la kushoto limeshuka. Namba zitasema mabega mawili, basi. Mimi lazima nione kitambaa kinaangukaje."

Mpango wake ulikuwa wa kifundi kweli. Alikata gauni la majaribio kwa kitambaa cheupe cha bei rahisi, akalishona kwa mishono ya kupitisha tu, akampa msafiri mmoja alipeleke. Kitindamimba angelivaa mbele ya kamera, rafiki yake angeshika pini, na mama mtu, kutoka huku, angeamuru: hapa bana, hapa achia. Kisha gauni lingerudi na pini zake, naye angekata kitambaa chenyewe, kile alichokuwa amekihifadhi kabatini tangu binti huyo amalize shule. Simu ya mkononi haikufaa kwa kazi hiyo. Macho yake yalihitaji kioo kikubwa, na kioo kikubwa kilikuwa kimoja tu nyumbani.

Jumapili ya kwanza walipojaribu, mimi sikuwapo. Mazungumzo ya mama na binti hayahitaji mpangaji, kwa hiyo nilitoka kutembea. Niliporudi, Mzee Breki alikuwa barazani anajipepea kwa kofia.

"Msomi, umekosa sinema," alisema. Aliniita Msomi tangu siku ya kwanza, nusu kwa heshima, nusu kwa utani. "Mtoto kainua mikono apimwe makwapa, picha ikaganda. Mama yako huku anaamuru: shusha! Geuka! Mbona hugeuki? Anamgombeza sanamu! Kumbe mtoto mwenyewe kule kashashusha mikono zamani, kaketi, anakunywa chai."

"Cheka tu," sauti ya Mama Vifungo ilitoka ndani. "Binti si wako, si ndiyo?"

Nilipoingia, nilimkuta amesimama mbele ya kompyuta, mikono kiunoni. Ilikuwa ikichukua muda mrefu hata kufungua ukurasa mtupu. Nikamwambia nitaitazama. Nilisema pia, kwa uhakika wa mtu aliyepata cheti cha kompyuta juzi, kwamba hakuna haja ya kununua nyingine, kwani mara nyingi kompyuta ya namna hii haijafa, imeelemewa tu.

"Ng'ombe hazeeki maini," Mama Vifungo aliitikia, uso ukimng'aa. Kisha akanizuia mkono. "Usilivute koti. Fungua vifungo, kuanzia juu."

Nilivifungua. Yeye akalikunja koti, akaliweka juu ya paja, akakaa karibu yangu kama mzazi aliyemsindikiza mtoto kliniki.

Nilichokikuta hakikunishangaza. Kila ilipowashwa, lundo la programu liliamka pamoja nayo, nyingi zikiwa hazijatumiwa tangu kitindamimba alipokuwa chuoni. Nikazizuia zisijiwashe zenyewe. Diski ilikuwa imejaa picha za magauni hadi kooni. Nikazihamishia kwenye flashi. Halafu nikakuta kinga mbili za virusi, moja ya binti, nyingine aliyoiweka Mzee Breki baada ya kuliona tangazo.

"Walinzi wawili mlango mmoja," nikawaeleza. "Kila mmoja anamkagua mwenzake badala ya kumkagua mwizi."

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," alisema Mzee Breki. "Mfukuze wa mtoto."

"Mfukuze wa kwake," alisema mkewe.

Niliwafukuza wote wawili, nikamwacha yule aliyekuja na mfumo wa kompyuta wenyewe, na amani ikarudi nyumbani. Mwisho nikaomba brashi ndogo. Alinipa ile anayosafishia cherehani chini ya sindano. Nilipofungua kasha, feni ilikuwa imevaa blanketi la nyuzi na vumbi la vitambaa, maana mashine iliishi jirani na cherehani. Nikaipiga brashi mpaka ikawa safi.

"Umeona?" alisema Mama Vifungo. "Na hapo ina koti! Isingekuwa na koti je?"

Nikaliona neno hilo kuwa la busara. Nikawasha. Kompyuta iliamka kabla Mzee Breki hajamaliza kupiga chafya. Tulicheza video moja ndefu ya maonyesho ya mavazi, tukaitazama yote, haikukwama hata mara moja. Mama Vifungo alinipigia vigelegele peke yake.

Jumapili iliyofuata nilitoka tena kutembea. Niliporudi, barazani hapakuwa na kicheko. Mzee Breki alinionyesha mlango kwa kidevu.

"Ilianza vizuri," Mama Vifungo alisema, macho sakafuni. "Mtoto kavaa, rafiki kashika pini. Tumefika begani tu, picha ikaganda. Tena na tena. Ameniambia, Mama, usijisumbue, huku kuna duka wanakodisha. Wanataka jibu baada ya Jumapili ijayo. Kasema kwa upole, ili nisiumie. Upole wenyewe ndio ulioniumiza."

Nikafungua vifungo vya koti, nikawasha kompyuta. Ilikimbia kama swala. Nikafungua kamera, nikafungua video, nikafungua vyote kwa pamoja. Swala.

"Inakuogopa wewe," alisema Mzee Breki. "Darasa bila mwalimu, unajua mwenyewe. Msomi akitoka, wanapanda madirishani."

Nilicheka, lakini moyoni sikucheka. Nilimwambia Mama Vifungo kwamba huenda kumbukumbu ya kazi ni ndogo, ile inayoitwa RAM, na kwa kuwa hakujua ni nini, nikamweleza kwa meza yake. Ni meza ya kukatia. Ikiwa finyu, kila ukitaka kutandaza kitambaa kingine lazima ukunje cha kwanza.

"Masikini," alisema. "Kumbe inakata gauni la harusi juu ya kigoda."

Kesho yake, baada ya kazi, tulikwenda kwa Fundi Mifupa. Duka lake ni chumba kimoja kilichojaa mizoga ya kompyuta mpaka darini, naye huchomoa kiungo cha marehemu huyu kumtibia mgonjwa yule. Ndiye aliyeitengeneza kompyuta ile zamani, kitindamimba alipokuwa bado nyumbani.

"Mama Vifungo! Bado inapumua?"

"Inapumua, ila inahema."

Alichakura kwenye kisanduku, akaipata RAM ya kufaa, akaipuliza vumbi. Kisha akaanza hotuba ya jinsi vitu hivyo vilivyoadimika siku hizi. Mama Vifungo hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama mkoba wa vifaa uliokuwa mezani, zipu imekufa, umefungwa kwa waya.

"Fundi mzima, mkoba umefungwa kama mbuzi," alisema. "Nipe."

Tuliondoka na RAM mkononi mwangu na mkoba kwapani mwake. Mkoba ulirudi kwa Fundi Mifupa na zipu mpya na, kwa sababu mshonaji ni yeye, kifuniko chenye kifungo. Hesabu ikaishia hapo.

Niliipachika RAM jioni ileile. Kompyuta ikawa nyepesi zaidi. Kila jioni wiki hiyo nilifungua koti, nikaijaribu, ikafaulu. Na kila nilipokuwa kazini Mama Vifungo aliijaribu mwenyewe, na jioni akanipa ripoti kwa sauti ya chini, kama anayemsengenya mgonjwa aliyelala chumba cha pili: asubuhi ilikuwa nzuri, mchana ikalegea, alasiri ikalala. Ijumaa alikitoa kile kitambaa alichokihifadhi kabatini, akakikunjua kitandani, akakipapasa, akakikunja tena.

"Kama ni kukodi, akodi," alimwambia mumewe. "Bora avae ya watu inayomkaa kuliko ya mama inayomning'inia."

Mzee Breki aliichukua rimoti iliyovaa soksi, akaizima televisheni.

Jumamosi ofisi yetu hufungwa mchana. Kwa kawaida hupitia sokoni, lakini siku hiyo mvua ilianza nikiwa njiani, nikakimbilia nyumbani moja kwa moja, nikaingia kwa mlango wa mbele nikitiririka maji. Mama Vifungo alikuwa anashona sare za shule, cherehani inanguruma, nyuzi zinaruka kila upande. Hakunisikia. Kompyuta ilikuwa imewashwa. Kwenye kioo mwanamitindo mmoja alikuwa ameganda, mguu mmoja hewani. Na chini, kando ya meza, kasha lilikuwa limevaa koti lake, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, na ndani yake feni ikivuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Nilisimama pale maji yakichuruzika. Nikaweka kiganja juu ya koti, pale bega lingekuwapo. Lilikuwa la moto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi sasa hivi.

"Mama," nikasema, "kompyuta ina homa."

Aligeuka. "Homa? Basi afadhali nimeifunika."

"Huwa unaifunika ikiwa inafanya kazi?"

"Sasa niiache uchi mbele ya nyuzi zote hizi? Ikiwa na wewe naivua, kwa kuwa unafanya kazi ndani yake. Ukiondoka tu, naivisha. Hata Jumapili, mtoto na rafiki yake wakiwa hewani, naanza kwanza kuivalisha vizuri."

Hapo nilielewa kila kitu, na nadhani hata uso wangu ulielewa, maana alisimamisha cherehani. Nikamweleza taratibu. Mashine ile huvuta hewa kwa matundu ya mbele na kutoa joto kwa ya nyuma. Ikizibwa, joto hubaki ndani. Na kompyuta, ili isiungue, hufanya kama mtu mwenye akili anayetembea juani: hupunguza mwendo. Haikuwa imechoka wala haikuwa ikiniogopa. Kila nilipoigusa mimi, ilikuwa imevuliwa. Kila alipoitumia yeye, ilikuwa ndani ya koti lenye bitana.

Aliinama, akaanza kufungua vifungo, kuanzia juu, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema alipofika cha mwisho. "Nimemkaba kwa nguo niliyomshonea mwenyewe."

"Uliikinga na vumbi, Mama. Vumbi nalo ni adui kweli."

"Fundi Mifupa aliniambia: ifunike. Nikaifunika."

"Nadhani alimaanisha ikiwa imezimwa."

"Basi angesema ikiwa imezimwa! Mimi nikimwambia mtu afunge kifungo, namwambia na tundu lake."

Mzee Breki alikuwa amesimama mlangoni, ameamshwa na mazungumzo kutoka usingizi wake wa mchana. Alitazama koti, akatazama kasha lililokuwa likipoa, akamtazama mkewe. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika.

"Kikulacho," alisema, akashindwa kuendelea, akajishikilia kwenye fremu ya mlango, "kikulacho ki nguoni mwako!"

Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Mama Vifungo alijitahidi kukasirika. Alibana midomo, akakunja koti, akalikunja tena, na mwisho kicheko kikamponyoka puani.

"Mimi nilijua," alisema Mzee Breki akipangusa machozi. "Dereva gani asiyejua injini ikichemka hufunguliwa boneti?"

"Ulijua! Ulijua na ukanyamaza wiki mbili?"

"Hukuniuliza. Ulimwuliza Msomi."

"Hukujua kitu wewe. Ungejua, mtaa mzima ungekuwa umejua kabla yangu."

Jumapili hiyo nilikuwa najiandaa kutoka kutembea, nikaitwa. "Leo kaa," Mama Vifungo alisema. "Ikiganda leo, nataka awepo shahidi." Kompyuta ilikuwa wazi tangu asubuhi, imesogezwa mbali na cherehani, na cherehani yenyewe imefunikwa isirushe hata uzi. Kitindamimba akatokea kwenye kioo, amevaa gauni la majaribio, na rafiki yake nyuma na kikombe cha pini.

"Shikamoo Mama, shikamoo Baba. Mama, na huyo ni nani?"

"Marahaba. Huyo ni Msomi, fundi wetu. Simama vizuri. Si hivyo, hujaja kupigwa picha ya kitambulisho. Simama kama unavyosimama ukisubiri chai ichemke."

Kitindamimba alicheka, akaachia mwili, na hapo hata mimi nililiona: bega la kushoto likashuka, na kitambaa kikafanya kijikunjo kando ya shingo.

"Hilo hapo!" Mama Vifungo alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Mwanangu mwenye pini, njoo bega la kushoto. La kwake, si la kwako. Bana hapo. Kidogo. Umebana sana, achia. Hivyo hivyo. Sasa inua mikono."

Hapo ndipo picha ilipogandia mara ya kwanza. Kitindamimba aliinua mikono. Mzee Breki alishika mkono wa kiti. Mimi sikupumua. Mikono ilibaki juu kitambo, kisha kidole kimoja kikajikuna sikio, na tukajua kwamba yuko hai.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza. "Picha imeganda tena?"

"Haijaganda," alisema Mama Vifungo. "Geuka."

Aligeuka. Aligeuka mara nyingi sana siku hiyo, mpaka rafiki yake akasema kizunguzungu kimempata yeye. Kiuno kilibanwa, mgongo ukaachiwa, pindo likapandishwa, likashushwa, na mwisho wa yote Mama Vifungo akaegemea kiti, akakunja mikono kifuani, akatazama bila kuamuru kitu. Tulifikiri anapima. Kumbe alikuwa anamtazama mtoto wake tu, kutoka kisigino hadi utosini, jambo ambalo kompyuta haikuwa imempa nafasi ya kulifanya tangu binti aondoke.

"Lile duka," kitindamimba alisema taratibu, "niwaambie nini?"

"Waambie gauni lao walitafutie bibi harusi mwingine."

Suala la mavazi ya kompyuta halikuisha kirahisi. Mama Vifungo alikubali kwamba koti ni la usingizi, la kuvaliwa mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Lakini kuiona ikifanya kazi bila chochote mwilini kulimkosesha raha. Baada ya siku mbili nilikuta imepata aproni, imefungwa kwa kamba mbili nyembamba kwenye upande mmoja usio na matundu, haizibi pumzi ya mbele wala ya nyuma. Nilizunguka nikaikagua kwa kiganja, kila pembe. Hewa ilipita bila shida.

"Fundi yeyote kazini huvaa aproni," alisema.

"Ina mfuko, Mama."

"Wa flashi."

Gauni la majaribio lilirudi na pini zake. Kitambaa cha kabatini kikakatwa asubuhi moja, mlango umefungwa, redio imezimwa, hata Mzee Breki amefukuziwa barazani. Wiki zilizofuata nilizoea kusikia cherehani nikiamka na kuisikia nikirudi kazini. Mwisho wa yote yalikuja matundu. Mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni, aliweka vifungo vidogo vilivyovikwa kitambaa kilekile, na kila tundu alilidarizi kwa mkono. Nilimwuliza kwa nini asitumie mashine, yeye aliyekuwa malkia wa matundu kiwandani.

"Kule nilikuwa natoboa matundu ya mashati ya watu nisiowajua," alisema bila kuinua macho. "Hili najua nani atakayefungwa nalo."

Msafiri mwingine alipatikana, gauni likaondoka likiwa sandukuni, na sanduku lenyewe likiwa ndani ya koti, bila shaka. Leo ni Ijumaa. Mchana huu ujumbe umeingia kutoka kwa kitindamimba: sanduku limefika, hajalifungua, atalifungua kesho baada ya chakula cha mchana mbele ya kamera, na rafiki yake yuko tayari kumfunga vifungo. Kama bega halikukaa sawa, muda wa kurekebisha bado upo, ila si mwingi.

Mama Vifungo amesoma ujumbe huo kwa sauti mara kadhaa, kila mara akisimama palepale, kwenye neno "bega". Ameipiga kompyuta brashi, amejaribu kamera, amenipigia simu ofisini kuniuliza kama mvua huathiri intaneti, na amemwagiza Mzee Breki apige pasi shati lake jeupe.

"Mimi ndiye naolewa?" Mzee amelalamika.

"Utaonekana. Na kifungo cha juu kimekatika, kilete hapa."

Amekileta. Sasa ameketi mbele yake, shingo ameinua, na mkewe anashona kifungo shati likiwa mwilini, uzi mdomoni, jicho moja kwenye saa na jingine kwenye kioo kilichozimwa.